Nywele Zinaporudi Nyuma

Mwanaume anayepungukiwa nywele za mbele hapewi nafasi ya kuhuzunika. Akisema limemkera, anaambiwa wapo wenye shida kubwa kuliko hiyo. Akinyamaza, anataniwa. Akitafuta dawa, anaonekana anajipenda kupita kiasi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, nami naandika nikiwa ndani ya kifuu hicho, kwa sababu tumo wengi na wengi wetu tumekaa kimya.

Kwangu ilianzia kwenye mapanja. Pembe mbili za juu ya paji la uso zilianza kuingia ndani, ya kushoto ikitangulia. Kioo hakikunionyesha, maana anayejitazama kila siku haoni jambo linalokwenda polepole. Nililiona kwenye picha iliyopigwa kutoka juu kidogo, mchana, jua likiwa kali. Haikupita muda, kinyozi aliyenizoea akaniuliza mstari wa mbele aupitishe wapi. Zamani hakuwa akiuliza. Swali lake lilikuwa la heshima kabisa, na ndiyo maana liliniingia: alikwishaona, akaniachia mimi niseme.

Kuanzia hapo nikawa na kazi ya ulinzi ambayo hakuna aliyenituma. Nilikagua mto kila asubuhi na taulo kila nilipotoka kuoga. Nilijua ni taa gani kazini inamulika kutoka juu na ni kiti gani kiko mbali nayo. Watu wakipanga mstari wa picha ya pamoja, nilisogea nyuma na kuinua kidevu, maana kidevu kikishuka mapanja huonekana zaidi. Kofia ikawa haivuliwi hata ndani ya nyumba. Upepo ukivuma, mkono ulipanda kichwani wenyewe.

Naamini maumivu ya jambo hili yako hapo. Kichwa chenyewe hakiumi. Kinachochosha ni kukesha, kukisia nani ameona na nani bado, na kuyafanya hayo yote peke yako huku ukionyesha kwamba hujali. Na si udhaifu wa watu wa leo. Wanahistoria wa Roma ya kale wanasimulia kwamba Julius Caesar, mtu aliyeongoza majeshi na kuitawala dola, alikerwa sana na upara wake, akawa anazichana kuja mbele nywele chache alizobakiwa nazo. Na kwamba katika heshima zote alizotunukiwa, hakuna aliyoipokea kwa furaha kama haki ya kuvaa taji la majani kila wakati. Miaka zaidi ya 2,000 baadaye, kijana anavuta kofia chini kwa sababu ileile. Uso ndio unaotutambulisha kwa watu na kwa nafsi zetu, na mstari wa nywele ndio mpaka wake wa juu. Ukihama bila idhini yako, una haki ya kusononeka.

Kabla ya dawa yoyote, nilitulizwa na kuelewa kinachotokea chini ya ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha kinyweleo chake, yaani kile kitundu kinachouotesha, hupumzika kwa miezi ipatayo 3. Unywele wa zamani hudondoka na mpya huanza kuota. Kwa hiyo kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida hata kwa mwenye kichwa kilichojaa. Nilipolijua hilo niliacha kukagua mto. Katika upara wa kiume, cha kuangalia ni kile kinachoota baada ya kudondoka. Kila mzunguko kinyweleo kinazidi kusinyaa, muda wa kukua unafupika, na unywele unatoka mwembamba zaidi na mfupi zaidi, hadi panabaki malaika tu, zile nywele laini ambazo jicho halizioni mpaka lisogezwe karibu.

Kwa nini kinasinyaa? Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, alikwishaona kwamba matowashi hawapati upara. Ikabidi dunia isubiri hadi 1942, ndipo James Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alipolifanyia kazi jambo hilo kwa makini. Alichunguza wanaume ambao miili yao, tangu kabla ya kubalehe, haikupata homoni za kiume za kutosha. Hawakuwa na upara. Walipopewa testosteroni, homoni kuu ya kiume, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele. Dawa iliposimamishwa, upotevu nao ulisimama, lakini zilizokwisha kwenda hazikurejea. Ninayashika mambo mawili kutoka kwenye uchunguzi huo. La kwanza, homoni peke yake haitoshi. Lazima kichwa kiwe kimerithi wepesi wa kuathiriwa nayo. La pili, kuzuia ni rahisi kuliko kurudisha.

Jibu lililobaki lilitoka Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia ambamo baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na maumbile yasiyobainika, wakalelewa kama wasichana, kisha walipobalehe miili yao ikawa ya kiume bila utata. Watoto hao walikosa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, homoni yenye nguvu zaidi ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake, DHT. Walipokuwa watu wazima walikuwa na misuli na sauti nzito kama wanaume wenzao. Lakini tezi dume zao zilibaki ndogo, na nywele zao za mbele hazikurudi nyuma. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Watu ambao maisha yao yalikuwa magumu kwa namna ambayo sisi wengine hatuwezi kuifikiria ndio waliotufungulia mlango wa kuelewa tezi dume na nywele kwa pamoja.

Basi ni DHT, inayofanya kazi juu ya vinyweleo vilivyozaliwa na wepesi huo, vya mapanja na vya utosi, huku vya kisogoni vikibaki salama. Ndiyo sababu hata upara mkubwa huacha ukanda wa nywele pembeni na nyuma. Hapo hatia nyingi zinafutika. Kofia haikuleta upara. Sabuni haikuuleta, wala kuosha kichwa kila siku. Kunyoa hakuzifanyi nywele zirudi nene, kwa sababu wembe hukata kilicho juu ya ngozi na kinyweleo kiko chini. Wanaosema damu haifiki kichwani wajiulize kwa nini nywele za kisogoni zikihamishiwa kwenye panja hilohilo zinaota vizuri.

Wasiwasi mwingi, homa kali, kujifungua au upasuaji mkubwa kweli huweza kudondosha nywele, kwa kawaida miezi 2 au 3 baada ya tukio lenyewe. Upotevu wa aina hiyo husambaa kichwa kizima na mara nyingi hujirekebisha. Haukati pembe mbili za mbele na kuziacha nyingine.

Lipo pia lile la kumtazama mjomba. Karibu kila niliyezungumza naye alikwishaambiwa upara hutoka kwa mama, kwa hiyo ukitaka kujua kesho yako angalia kichwa cha kaka yake. Lina chembe ya ukweli: jeni moja yenye uzito mkubwa katika jambo hili imo kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanaume huipata kwa mama yake. Ila jeni nyingine nyingi zinashiriki, na hutoka pande zote mbili. Mjomba wangu amezeeka na kichwa kilichojaa. Mimi na kaka yangu tumefuata njia ya baba.

Si kila mstari uliosogea ni upara unaokuja, na hili natamani vijana wengi walijue. Mstari wa nywele wa mtoto huwa chini na mnyoofu. Mwanaume akikomaa, mara nyingi husogea juu kidogo na kutengeneza pembe ndogo, kisha ukatulia hapo kwa miongo. Madaktari wanatumia mizani ya hatua 7 iliyoanzia kwa Hamilton na kuboreshwa na O'Tar Norwood mwaka 1975. Katika hatua ya pili wapo wanaume wengi sana ambao hawatafika ya nne. Kitu kinachotofautisha ni mwendo. Na mwendo hauonekani kwa kujitazama usiku wa manane. Unaonekana ukilinganisha hali ya sasa na ya miezi kadhaa iliyopita, mwanga uleule, nywele zikiwa na urefu uleule.

Tena kuna upotevu wa mbele ambao si huu kabisa. Kusuka kwa kuvuta, rasta nzito na nywele za bandia zinazogandishwa pembezoni huweza kung'oa mstari wa mbele kwa miaka. Hili huwapata wanawake zaidi, lakini wanaume wanaosuka hawajasalimika. Likiwahiwa, nywele hurudi. Likiachwa likaweka makovu, hazirudi. Mwaka 1994 Steven Kossard, daktari wa Australia, alieleza ugonjwa mwingine unaosukuma mstari wa mbele nyuma kwa makovu, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na mara nyingi nyusi nazo hupungua. Ukiona mabaka ya mviringo yametokea ghafla, ngozi inayowasha, kuuma au kutoa magamba, au nyusi zinapotea, usinunue chochote. Nenda kwa daktari wa ngozi kwanza. Mimi nilikwenda, na nilipotoka pale nilikuwa na jina la tatizo langu na mzigo mdogo kuliko niliokwenda nao.

Sasa dawa. Watu wanaziuliza kwa sauti ya chini, nami nitazieleza kwa sauti ya kawaida.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakawa wanaota nywele mahali wasipozitarajia, na watafiti wakaigeuza kuwa maji ya kupaka, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 1988. Hurefusha muda wa unywele kukua. Mtu anapaswa kujua mambo ambayo matangazo hayasemi. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, kwa sababu zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa na mpya. Wengi huogopa na kuacha hapo. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi 4 hadi 6. Majaribio yake makuu yalipima utosi, na mapanja huitikia kwa uvivu. Ukiacha kupaka, kilichoshikiliwa nayo kinakwenda ndani ya miezi michache. Na kama unafuga paka, mweke mbali kabisa na dawa hii, na asilambe mikono wala mto wako. Hata kiasi kidogo kinaweza kumuua.

Finasteridi ndiyo iliyozaliwa na elimu ile ya Jamhuri ya Dominika. Inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, kisha 1997 kwa kipimo kidogo cha miligramu 1 kwa ajili ya upara wa wanaume. Kwa kusimamisha upotevu ina nguvu, na wengi huitumia bila taabu. Lakini wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake, na wapo walioripoti kwamba hali hiyo iliendelea hata walipoacha. Mwaka 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha mawazo ya kujiua kuwa miongoni mwa athari zake. Mwenye historia ya sonona amweleze daktari kabla ya kidonge cha kwanza, na mtu wa nyumbani ajue, ili mabadiliko ya moyo yakitokea awepo wa kuyaona. Mwanamke mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika. Anayeimeza asitoe damu mpaka mwezi upite baada ya kuacha. Na akipimwa saratani ya tezi dume aseme anaitumia, kwa sababu hushusha PSA, kipimo cha damu cha kuchunguzia saratani hiyo, kwa karibu nusu na huweza kumpotosha daktari.

Mimi nilichagua kupaka, nikaacha kidonge. Nilipima athari zake na hali ya moyo wangu, nikaona amani niliyo nayo sitaki kuijaribu. Mwingine akipima hayohayo akafikia uamuzi tofauti, ana sababu zake na ninaziheshimu. Mapanja yangu hayajajaa tena. Yamesimama karibu na pale yalipokuwa, na kwa dawa hii huko kusimama ndiko kufanikiwa. Kila usiku napaka, naosha mikono, nalala. Siku nitakayotaka kuacha nitaacha nikijua kitakachofuata.

Kaka yangu alinyoa. Alikuwa amefika mbali kuliko mimi, utosi umekutana na mapanja, na siku moja akamwambia kinyozi aondoe zote. Alipokuja nyumbani mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia, "Sasa nakuona vizuri, mwanangu." Nimemwona tangu siku hiyo akiingia mahali penye watu bila ile hesabu ya taa na viti. Kuna utafiti unaoendana na nilichokiona kwake: mwaka 2012 Albert Mannes, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alieleza kwamba watu walioonyeshwa picha za wanaume walionyoa kichwa kizima waliwaona kuwa wenye mamlaka zaidi, warefu zaidi na wenye nguvu zaidi, hata pale picha ilipokuwa ya mtu yuleyule ambaye nywele zake zimefutwa kwa kompyuta. Wenye nywele chache zilizobakizwa ndio walioonekana kuwa na nguvu kidogo kuliko wote. Ni picha na maelezo tu mbele ya macho ya wageni, na thamani ya mtu haipimwi hivyo. Hata hivyo linanisaidia kuelewa kwa nini kuzivuta zilizobaki zifunike zilizokwenda mara nyingi huleta kinyume cha tunachokitaka.

Anayenyoa ana kazi ya ngozi. Kichwa kilichozoea kivuli kinaungua na jua haraka, na saratani ya ngozi hupenda sehemu zinazopigwa na jua miaka yote, hasa kwa wenye ngozi nyeupe na wenye ualbino. Kofia ina kazi yake halali hapo, pamoja na losheni ya kukinga jua. Wenye nywele za kipilipili wawe waangalifu na wembe unaokata chini sana: ncha hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, na kisogoni vipele vikirudiarudia huweza kugeuka makovu magumu. Mashine inayoacha kidogo juu ya ngozi huwatosha wengi.

Upandikizaji nitaupitia haraka, kwa kuwa ni uamuzi wa watu wachache zaidi. Msingi wake uliwekwa na Norman Orentreich wa New York, aliyefanya upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kwa ajili ya upara mwaka 1952 na kuonyesha kwamba kinyweleo cha kisogoni kikihamishwa hubeba tabia ya kilikotoka. Kazi nzuri huonekana ya asili kabisa. Tatizo ni kwamba akiba ya kisogoni ina mwisho. Kijana mdogo akiitumia kujenga mstari wa chini wa ujanani, na nywele zake mwenyewe zikaendelea kurudi nyuma ya huo mstari, atabaki na kisiwa mbele na uwanja katikati, bila cha kupanda tena. Daktari anayemkubalia kijana huyo siku ya kwanza, bila kuuliza habari za ukoo wala mwendo wa upotevu, hafai kushika kichwa chake.

Yaliyobaki ni ya wanaotuzunguka. Mzaha wa kipara unaonekana hauna uzito kwa sababu mwenye kipara naye hucheka. Anacheka kwa kuwa asipocheka atakuwa ameonyesha kwamba limeingia. Mke anayesema "mimi nakupenda hivyohivyo" anasema jambo jema, lakini wakati mwingine analifunga mapema. Mume alitaka kwanza kusikilizwa kwamba jambo limemuuma, kisha ndipo apendwe hivyohivyo. Wangu aliniuliza siku moja, bila kicheko na bila huruma ya kupita kiasi, kama ninataka tulizungumze. Tulizungumza mpaka usiku, na hatimaye nikaivua kofia ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Juzi mtoto wa dada yangu alinikalia pembeni. Amemaliza shule karibuni na ameanza kuvaa kofia kwa namna ninayoifahamu. "Mjomba," aliniuliza, "na mimi?" Nikamwambia inawezekana, na inawezekana pia ni mstari wa utoto unaokomaa tu, na mimi na yeye hatuwezi kuamua kwa macho. Tukaandika pamoja maswali ya kumpelekea daktari wa ngozi: hili ni upara wa kurithi au ni kitu kingine, linakwenda kasi gani, dawa hii inanifaa mimi, nikiianza na kuiacha itakuwaje. Swali la mwisho aliliongeza mwenyewe. Alitaka kujua, ikithibitika ni upara wa kurithi na akaamua kutofanya chochote, kama kuna hatari yoyote kwa afya yake. Hilo nililijibu palepale: hakuna, akikinge tu kichwa na jua.